Ukufi Mmoja wa Unga

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, kinyunya cha unga wa piza kilimkatikia Bi Zubeida mikononi. Alikuwa amekitandaza kwenye treya taratibu, kwa ncha za vidole, na alipoinua ukingo wake kutazama, kikafanya ufa katikati na kuachana vipande viwili.

"La haula!" alisema. Akakikusanya tena, akakipiga kofi.

Hebu fikiri. Mwanamke aliyewahi kupika biriani ya watu mia nne uani, kwa kuni, mvua ikimnyea, leo anashindwa na piza ya mtoto! Kibokoni nzima, mtu akitaka mahamri ya harusi yasiyokunywa mafuta huambiwa, nenda kwa Bi Zubeida. Ana miaka sitini na mmoja, na arubaini kati ya hiyo amesifiwa mkono wake mpaka sifa zenyewe amezizoea. Sasa unga wa mchele unamfanyia kiburi.

Aqsa, mkaza mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono kifuani.

"Mama, samahani. Chekeche ulilotumia ni lile jipya?"

"Ndilo."

"Na kibao?"

"Aqsa, mwanangu. Kibao kipya, chekeche jipya, mwiko mpya, na mimi mwenyewe nimekoga upya. Unataka nini tena?"

Mapenzi, aliyekuwa akiosha nyanya kwenye beseni, aliinama kuficha kicheko. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mtu wa Kaloleni, na mwaka wa kumi na mmoja huu akifanya kazi katika nyumba ile. Ndiye aliyempokea Hanin, binti wa Aqsa, siku mama mtu aliporudi naye kutoka hospitali, mtoto ana siku tatu.

Aqsa hakucheka. Hakuwa na raha ya kucheka tangu mwaka jana, mtoto alipoanza kuvimba tumbo na miguu ikabaki mifupa. Wa kusema minyoo walisema minyoo, wa kusema kijicho walisema kijicho. Bi Zubeida mwenyewe alimpeleka akasomewa mara tatu. Mwisho daktari mmoja akapima damu, akapima na utumbo, akasema ni siliaki: mwili wa Hanin haupatani na ngano wala shayiri, na akila hata chembe, utumbo unajiumiza wenyewe. Dawa hakuna. Dawa ni kutokula, maisha yake yote.

Bi Zubeida alimsikiliza daktari kwa adabu. Moyoni alisema, ngano hii kaila babake, kaila babu yake, wakaishi mpaka meno yakawatoka. Iweje leo iwe sumu? Aliyaona yale ni maradhi ya vitabu, na nusu yake ni woga wa Aqsa. Mama mtu akiogopa, mtoto huumwa. Lakini hakulisema neno hilo, kwa kuwa mtoto, tangu aache mkate, kweli alinenepa.

Piza ilikuja hivi. Mwezi uliopita Hanin alialikwa siku ya kuzaliwa ya msichana wa darasani kwao, huko Kizingo, katika nyumba yenye bustani na mlinzi. Bi Zubeida ndiye aliyempeleka. Watoto walikaa mkekani wakala piza, na Hanin akawekwa kwenye kiti pembeni na kibweta chake: yai la kuchemsha, ndizi na vipande vya viazi. Mtoto mmoja akamuuliza kama amefunga. Mwingine akasema maradhi yake yanaambukiza, akajisogeza. Hanin alikula yai lake lote, hakulia. Njiani ndipo alipouliza, "Bibi, mimi nikiwa mkubwa nitakula na watu?"

Swali lile lilimchoma Bi Zubeida. Akamwambia, "Siku utakayohitimu Juzuu Amma, nitawaalika wenzako wote wa madrasa, na nitawapikia piza. Ya aina moja, ya nyinyi nyote. Watakula unachokula wewe." Mtoto alihitimu Alhamisi. Leo Jumamosi, watoto wanane wanakuja baada ya Alasiri, na kinyunya hakishikani.

* * *

Simu ya Aqsa ikalia. Alikuwa ni mamake, Bi Hawabai, kutoka Ganjoni. Aqsa akaiweka sauti ya nje ili mamake asalimiane na mkwe mwenziwe.

"Bi Zubeida, salaam aleikum. Habari za kazi?"

"Aleikum salaam, Bi Hawabai. Njema, alhamdulillahi. Na nyinyi huko, hamjambo?"

"Hatujambo. Aqsa anambia unga hautaki kushika. Sikiliza, dada yangu, tia isabgoli. Vijiko viwili, roweka kwenye maji mpaka ivute, changanya na unga. Utauvuta kama mpira. Mimi nimejaribu hapa."

Bi Zubeida alimtazama Aqsa. Isabgoli! Yale maganda meupe ya mbegu ambayo watu hunywa wakikosa choo!

"Ahsante, mkwe wangu," alisema, kwa sauti laini kuliko alivyokusudia. "Nitaangalia."

Simu ilipokatika, akageukia beseni. "Mimi dawa ya choo siwatilii watu chakulani. Watoto wa watu waje kwangu wale piza, waende nyumbani waharishe, jina langu liwe wapi?"

"Mama, ni maganda tu, hayana ladha."

"Nimesema nitaangalia."

Aqsa akaondoka kwenda kununua jibini na juisi. Ukweli ni kwamba kama maneno yale yangetoka kwa mtu mwingine yeyote, Bi Zubeida angejaribu. Lakini kufundishwa kupika na Bi Hawabai, kwenye simu, Mapenzi anasikia!

Akajaribu kwa njia yake. Alitia tui zito. Alitia yai. Alitia wanga wa muhogo. Kinyunya kililainika, kikamgandia vidoleni, na kilipoingia kwenye oveni kikatoka kigumu, kimejaa nyufa. Akaonja, kikamsagika mdomoni kama mchanga. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akaswali haraka haraka, akili yote iko jikoni.

Aliporudi alisimama mbele ya kabati. Mapenzi alikuwa darini akianua nguo. Juu kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili kwa amri ya Aqsa, ulikuwa unga wa ngano wa mahamri.

Ukufi mmoja, wa kujaa kiganja tu, alijiambia. Ukufi mmoja kwenye ratili tatu za mchele. Marehemu mamake alipopika vitumbua, hakuwa akitia ukufi wa ngano ili vishikane? Na watu wakivila wakisema vitumbua vya mchele, kwani si vya mchele? Hata mkate wa kumimina, nani asiyetia kidogo? Mpishi yeyote wa Mji wa Kale ukimuuliza atakwambia ni wa mchele mtupu, na hataona kuwa amesema uwongo. Ngano ile haihesabiwi. Ni kama chumvi.

Akafungua fundo. Akateka ukufi mmoja. Akautazama, ukaonekana mdogo, akaongeza nusu, akaufunga mfuko kama ulivyokuwa.

Na kinyunya, jamani, kikatii! Papo hapo kilikusanyika, kikawa laini, akakivuta kikavutika. Bi Zubeida akacheka peke yake jikoni kwa furaha.

"Bibi, imeshikana?"

Hanin alikuwa mlangoni, kijora chake kipya kimemfika vifundoni. Bi Zubeida akaficha mkono nyuma, ndani ya leso.

"Imeshikana, mwanangu. Bibi yako hashindwi."

* * *

Baada ya Alasiri ukumbi ulijaa. Watoto wanane walikaa mkekani na Hanin katikati yao, si pembeni, na masinia matatu ya piza yakaja yanatoa moshi: nyama ya kusaga, nyanya, pilipili mboga, jibini inavutika kama nyuzi. Mama zao walikaa kwenye makochi. Alikuwapo na Nasiha, jirani wa mlango wa kushoto, ambaye ukitaka mtaa ujue jambo, humwambii mtu mwingine.

"Bi Zubeida, hii ndiyo ya mchele? Wallahi sisadiki!"

"Ya mchele, shoga yangu."

"Mchele gani huu? Mimi nimeila ya hotelini, haifiki hata robo! Nifundishe, ama nipikie uniuzie."

Bi Zubeida alijitia kupepea leso. Alipogeuka alimwona Hanin ameshika kipande chake, hajakitia mdomoni. Alikuwa akimtazama yeye. Wenzake wote wanakula, na yeye amekishika tu.

Nasiha naye akaona. "Mbona mwenye shughuli hali?"

Bi Zubeida akainama, akamnong'oneza mjukuu wake sikioni, kwa mapenzi tu, wala hakuwa na ubaya. "Kula, mwanangu. Usiniaibishe mbele za watu."

Hanin akala. Alikula vipande vitatu, kimoja baada ya kingine, na alipomaliza akapangusa mdomo kwa adabu. Aqsa, kule kwenye kochi, alikuwa akimpiga picha mwanawe na machozi yakimlengalenga.

Maghribi haijaisha kuswaliwa, mtoto akaanza kutapika. Alitapika mpaka ikawa hakuna cha kutapika, tumbo likamkata, akajikunja sakafuni bafuni huku akiharisha, amemshika Mapenzi shingoni, na Mapenzi amemkumbatia hivyo hivyo na uchafu wake. Akil, babake, akamfunika shuka, akambeba mpaka kwenye tuk-tuk. Hospitalini wakamtundikia maji. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, aliuliza swali moja.

"Amekula ngano?"

"Haiwezekani," alisema Aqsa. "Kila kitu tulinunua kipya. Kila kitu."

"Mama, amekula. Na si chembe. Mtafute imetoka wapi."

Bi Zubeida alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma, tasbihi mkononi. Pale pale ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Lakini wauguzi walikuwapo, na Akil alikuwapo, na Aqsa alikuwa akimtazama daktari tu. Akasema moyoni, nitasema nyumbani, si mbele za watu. Akavuta tasbihi.

* * *

Nyumbani, Jumapili asubuhi, Hanin kabaki hospitalini na Bi Hawabai, hakusema. Aqsa alikuwa ameshaligeuza jiko juu chini. Alinusa vikopo, alipitisha kidole kwenye rafu, akalishika chekeche jipya akalitazama kwenye mwanga. Kisha akasimama kama aliyepigwa na kitu.

"Mapenzi, jana alfajiri ulipika chapati za Akil."

"Nilipika, mama Hanin. Darini, kama ulivyosema. Kwa kibao kile cha zamani."

"Kisha ukashuka ukaosha nyanya. Ulinawa?"

"Nilinawa."

"Kwa sabuni?"

"Nadhani nilinawa kwa sabuni."

"Unadhani?"

Akil akaingia kati. Hakuwa mtu wa makelele, alikuwa muuza vitambaa, mpole, lakini usiku ule alikuwa amemwona mwanawe akitundikiwa maji. "Mapenzi, daktari amesema si chembe. Leso uliyojifunga jana ni ile ile ya chapati? Maana hapa jikoni, ukitoa ule mfuko uliofungwa, hapakuwa na ngano ila uliyokuja nayo wewe."

Mapenzi alijitazama mikono, nyuma na mbele, kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Leso ndiyo ile," alisema polepole. "Sikubadili. Huenda ikawa ni mimi, baba Hanin. Sijui. Labda."

Bi Zubeida alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alisikia kila neno. Alimwona Akil akisema maneno ya kiungwana, kwamba si hasira, ila mtoto ni amana, na ni bora Mapenzi apumzike. Mapumziko hayo kila mtu alijua maana yake. Bi Zubeida akasema jambo moja tu, "Jamani, bahati mbaya haina mwenyewe," na likaonekana ni huruma ya mtu mzima.

Mapenzi alifunga vitu vyake kwenye mfuko mmoja. Kabla ya kutoka alimjia Bi Zubeida, akapiga magoti, akamshika mikono miwili.

"Mama, ulisimama kutwa nzima kumpikia mtoto, mimi nikaja nikaiharibu kazi yako. Nisamehe."

Wako watu waliopata kusema uwongo mkubwa kuliko huu uliofuata, lakini si wengi. Bi Zubeida alimwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, Mapenzi. Na Mungu akusamehe."

Na Mapenzi akambusu mkono ule ule.

* * *

Hanin alirudi Jumatatu, mwepesi kama kuku mgonjwa, akawa analala chumbani kwa bibi yake. Habari ilishazunguka. Jumapili Nasiha alisema kijakazi alisahau kunawa. Jumanne alisema kijakazi hakusahau. Jumatano Bi Zubeida alisikia ngazini, kwa masikio yake, kwamba Mapenzi alimlisha mtoto unga kusudi kwa sababu ya kunyimwa ruhusa ya kwenda kwao. Akapita, akaitikia salamu, akaingia ndani.

Lililomtesa zaidi halikuwa hilo. Lilikuwa wema wa Aqsa. Miaka kumi wameishi nyumba moja kwa heshima ya kuviziana, kila mmoja akichunga neno lake. Sasa kila jioni Aqsa alimletea chai ya tangawizi chumbani, akaketi.

"Mama, mimi nilikuwa nakudhania vibaya," alisema Jumatano ile. "Nilikuwa nadhani huuamini ugonjwa wa mwanangu. Kumbe ungetaka kudharau usingehangaika vile. Nilikusimamia mlangoni kama askari. Nimeona haya."

"Basi, basi," alisema Bi Zubeida. Akakiweka kikombe chini. Nasiha naye alikuwa ametuma ujumbe, anataka piza mbili za Ijumaa, za mchele, kama zile zile.

Alhamisi mchana alikuwa akimchana Hanin nywele, amemweka katikati ya miguu yake kitandani. Mtoto alikuwa kimya sana siku zile. Bi Zubeida alidhani ni udhaifu.

"Bibi, Mapenzi atarudi lini?"

"Akipenda Mungu."

"Yeye si yeye," alisema Hanin.

Chanuo likasimama. "Nani si yeye?"

"Mimi nilikuona. Ulifungua mfuko wa mahamri. Ulitia mara mbili."

Nje mtu alikuwa akiuza kahawa, akigonga vikombe vyake. Bi Zubeida alisubiri mpaka apite, kana kwamba muuza kahawa angesikia.

"Ulijua, ukala?"

"Ulisema nisikuaibishe."

"Hanin! Ungemwambia mamako! Mbona hukusema hata uliposikia Mapenzi amefukuzwa?"

Mtoto akageuka, nywele nusu zimechanwa, nusu bado. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akishangaa tu, kama anayeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi.

"Nilidhani utasema wewe."

Bi Zubeida alilia. Hakulia kwa kujificha, wala hakuweza. Alilia mbele ya mtoto wa miaka minane, leso mdomoni, kwa fedheha tupu. Alikuwa amemlisha mjukuu wake ngano, hilo ni moja. Lakini pia alikuwa amemfundisha kuumia na kunyamaza ili mtu mzima apate sifa, na mtoto alikuwa mwanafunzi mzuri.

* * *

Aliwaambia Akil na Aqsa usiku ule ule, baada ya Isha, wote wawili mbele yake. Hakuzunguka. Alisema ukufi mmoja na nusu, alisema Mapenzi alikuwa darini, alisema Hanin aliona.

Aqsa akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nakuletea chai," akainuka, akaenda kumhamisha mwanawe kutoka chumba cha bibi yake. Alimbeba na mto wake. Bi Zubeida hakumzuia, angemzuia kwa haki gani?

Akil alifikicha macho. "Mama, haya yaishe hapa hapa. Kesho nitampigia Mapenzi simu, nimwambie tumechunguza, tumeona si yeye, ni nyanya, ni jibini, sijui. Nitamwongeza mshahara. Arudi. Si lazima ajue."

"Na wewe ungependa usijue?"

"Mama, wewe ni mtu mzima. Watu wanakuheshimu hapa. Utaipasua heshima yako kwa sababu gani?"

Alikuwa akimpenda mamake, kijana wa watu, na alikuwa akimwonea haya. Bi Zubeida aliyaona yote mawili usoni pake. Ile haya ndiyo iliyomuuma.

"Nipe tu pahali alipo," alisema.

* * *

Mapenzi alikuwa amepata kibarua Mwembe Tayari, kuosha vyombo kwenye hoteli ya mtu aitwaye Morris, mkabala na mabasi ya bara. Mpaka Ijumaa ile asubuhi, Bi Zubeida hakuwahi kuingia hoteli ya namna ile. Meza zilijaa wasafiri na mizigo yao, na Morris akamkaribisha, "Mama, chai ama pilau?"

"Namtaka Mapenzi."

Akaelekezwa nyuma, pazia limekunjwa, ambapo kila mtu aliyekaa kula aliweza kuona. Mapenzi alikuwa amechutama mbele ya makarai mawili ya sahani. Alipomwona aliinuka mbio, akapangusa mikono.

"Mama! Mtoto?"

"Mtoto hajambo. Mapenzi, nimekuja kukwambia. Si wewe. Ni mimi niliyetia ngano. Kinyunya kilikataa, nikatia unga wa mahamri. Wewe ulikuwa darini."

Sahani moja iliteleza ndani ya karai.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mimi silali, mama," alisema Mapenzi, taratibu. "Tangu siku ile. Nalala najiuliza, nilinawa, sikunawa? Juzi nilimfulia mtu nguo za mtoto, nikaogopa kuzishika. Nikasema mikono hii itamuua mtoto wa watu." Akainyoosha, imekunjamana kwa maji. "Nikakupigia magoti. Ukanisamehe. Ulikuwa unanisamehe nini?"

Kwenye meza ya karibu watu waliacha kutafuna. Bi Zubeida alitamani pazia lishuke. Halikushuka.

"Naomba radhi," alisema. "Akil anataka urudi. Hata leo."

"Nirudi." Mapenzi akacheka kidogo, bila furaha. "Jumatano nilikwenda kwa Nasiha kuomba kazi ya kufua. Alinambia pale mlangoni, watoto wake wanasikia, kuwa hataki mtu anayelisha watoto sumu. Nikaenda kwa dadake, vivyo hivyo. Na nyumba mbili za Ndia Kuu. Huyo atakayerudi kwenu atapita wapi?"

"Nitakwenda kwao. Nitawaambia."

"Lini?"

"Hii Ijumaa ikipita, watu wakiwa..."

"Sasa," alisema Mapenzi. Alifungua aproni, akaitundika msumarini, akamwomba Morris saa moja. "Nataka nikusikie ukisema."

* * *

Nasiha alifungua mlango anatabasamu. "Karibu, Bi Zubeida! Nilikuwa nasema hivi sasa, piza zangu..." Akamwona aliye nyuma yake. "Huyu je?"

"Nimekuja naye. Nasiha, lile la Hanin, Mapenzi hana kosa. Nilitia ngano mimi. Nilitia nikijua, na nikakwambia ni mchele, na yeye aliposingiziwa nikanyamaza."

Tabasamu la Nasiha lilibaki usoni muda kidogo baada ya furaha kuondoka. Akatazama juu na chini ya njia. "Ingia ndani basi, Bi Zubeida. Haya si mambo ya mlangoni."

"Yake ulimwambia mlangoni."

Binti mdogo wa Nasiha, mmoja wa wale wanane waliokula mkekani, alichungulia chini ya mkono wa mamake. "Kwa hivyo ni Bi Zubeida aliyempa Hanin sumu?"

"Nyamaza, we!" Nasiha aliinua mkono.

"Mwache," alisema Bi Zubeida. "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Hakuna aliyemkaribisha tena. Mlango ukafungwa polepole, kwa adabu. Bi Zubeida alijua kwamba kabla ya Maghribi hakutakuwa na nyumba Kibokoni isiyojua, na hakutakuwa tena na mtu wa kumtumia ujumbe wa mahamri. Akamtazama Mapenzi. Alikuwa akingoja Mapenzi amwambie neno moja, basi, mama, yatosha.

Mapenzi alimngoja mpaka akajitanda leso yake upya.

"Bado nyumba tatu," alisema, akatangulia.